Mama Kipenga na Ukungu wa Mchana Kweupe

Mtu akikuambia anaupenda mlima, muulize anaupenda saa ngapi. Sisi tunaoishi chini yake tunaujua kwa saa zake. Alfajiri ni baridi ya kukaza taya na matone yanayodondoka kutoka kwenye misonobari. Jua likipanda, nguo zinakauka kwenye kamba, na ukisimama juu kabisa unaliona ziwa lote, ng'ambo hadi ng'ambo. Alasiri ukungu unaamka bondeni, unakuja ukimeza mti mmoja mmoja, na kama hujauzoea unaweza kudhani dunia imeishia pale uliposimama. Wageni wanaokuja kutembea hawazijui saa hizo. Ndiyo maana wanahitaji mwongozaji, na ndiyo maana nataka nikupeleke kwa Mama Kipenga. Sogea karibu.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na waongozaji wenzake kwa sababu ya kipenga cha bati anachokitundika shingoni, ambacho hukipuliza wageni wakianza kutawanyika. Mmoja ameinama kupiga picha kinyonga, mwingine amekaa kufunga kamba za viatu, wa tatu ameingia vichakani kufuata sauti ya nyani, mara fyuuu! wote wanarudi njiani kama watoto wa shule. "Mgeni simlaumu," husema. "Amelipa kutazama, acha atazame. Ila nikimpoteza, nitamwambia nini mama yake?"

Njia anayoiongoza ni ile ya juu. Inaanzia kwenye kibanda cha getini, inapita msitu wa misonobari, kisha inavuka korongo kwa daraja la kamba ambalo hucheza hata likivukwa na paka. Ng'ambo ya daraja kuna maporomoko ya maji, na uzuri wake ni kwamba unaweza kupita nyuma yake, mwambani, ukatokea upande wa pili umelowa bega moja tu. Chini yake kuna bwawa la kuogelea kwa wenye moyo, maana maji yake yanauma kama meno. Halafu kuna pango la popo, ambamo huingii kama una nywele ndefu na hofu nyingi. Baada ya pango ni ngazi za mbao, ngazi, ngazi tena, mpaka mtu anawakumbuka wote aliowakosea maishani, ndipo unafika kwenye roshani. Roshani ni jukwaa la mbao lenye ukingo wa kushikilia, limejengwa mwisho wa mlima, na mbele yake hakuna kitu ila hewa, bonde na ziwa. Pembeni kuna kibanda cha chai. Watu wanapanda siku nzima kwa ajili ya pale.

Sasa, kila mwongozaji ana kipaji chake. Yupo anayewajua ndege kwa sauti. Yupo anayejua kupanga watu kwenye picha mpaka mwenye kitambi akaonekana hana. Kipaji cha Mama Kipenga kilikuwa ukungu. Wenzake wakifika roshani wakakuta weupe mtupu, huomba radhi na kugeuza. Yeye hakugeuza. Aliwapanga wageni kwenye ukingo, akanyoosha mkono kwenye ule weupe, akaanza kueleza kilichokuwa nyuma yake, polepole, kitu baada ya kitu, kama mtu anayetandika kitanda. Nimewaona watu walioshuka mlimani bila kuona chochote, wakabishana njiani kisiwa kipi kilikuwa kizuri zaidi.

Ndiyo hali ilivyokuwa miaka nenda rudi. Kisha ukaja mwaka ambao ukungu ulianza kukosa adabu.

"Sielewi," alimwambia mumewe jioni moja. Mumewe ni fundi seremala, na uani kwao hakukosi vumbi la mbao, kwa sababu ndiye anayechonga fimbo za kutembelea ambazo wageni hununua getini. "Zamani jua likitoka, ukungu unakimbia. Siku hizi jua likitoka ndiyo unazidi. Leo saa sita, jua la utosi, nao umesimama tu."

Fundi alipuliza vumbi kwenye fimbo aliyokuwa akiipiga msasa. "Hali ya hewa imebadilika," alisema. "Redioni wanasema kila siku."

"Basi waseme na dawa yake."

Wakacheka, wakaenda kula. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Wiki ile ile akapewa familia moja: mwalimu mstaafu, mkewe, binti yao na mume wa binti. Watu wapole, wamevaa viatu vipya, wamekuja kutoka mbali kwa sababu mwalimu alikuwa amemwahidi mkewe ziwa hilo tangu wakiwa wachumba. Mama Kipenga akawapandisha vizuri. Darajani alitangulia, nyuma ya maporomoko akawashika mikono, pangoni akawaambia wafunge midomo. Miguu yake iliijua njia ile kama ulimi unavyoyajua meno. Walipofika roshani akapanda kwenye jukwaa, akatazama mbele, akatikisa kichwa.

"Poleni sana wazee wangu. Poleni wanangu. Leo mlima umetufungia dirisha. Lakini msivunjike moyo, ukungu huu ni rafiki yangu wa zamani. Fuateni mkono wangu. Kama si yeye, pale mbele mngeliona ziwa, limetulia kama sinia iliyosuguliwa asubuhi. Katikati mngeona visiwa viwili, kimoja kikubwa, na kingine kidogo kinamfuata mwenzake kama ndama."

Wale wanne walikuwa wanalitazama ziwa. Liling'aa mbele yao, bluu, pana, halina hata wingu la kulisingizia. Visiwa vilikuwa viwili. Kidogo kilikifuata kikubwa kama ndama, kweli kabisa. Wakatazamana. Binti akajifunika mdomo kwa mkono. Mwalimu, ambaye miaka yote amefundisha watoto watundu na anaujua mzaha akiuona, akakaza uso.

"Ama kweli, mama, ukungu ni mzito."

"Mzito mno, mzee wangu. Sijapata kuuona wa namna hii."

"Na huko kushoto, kama si ukungu, kungekuwa na nini?"

"Kushoto kuna safu ya vilima saba... hapana, usinihesabie, viko vingi. Cha mwisho kina kibyongo."

"Kibyongo! Ninyi, mnakiona kibyongo?"

"Hatuoni kitu, baba!" wakajibu kwa pamoja, na hapo hawakuweza tena. Mume wa binti alikaa chini kwa kicheko. Mke wa mwalimu alifuta machozi kwa ncha ya shali. Mama Kipenga naye akacheka, maana wageni wakicheka ni dalili kwamba kazi imeenda sawa. Alichokuwa hakijui ni wanacheka nini.

"Mama, wewe ni kiboko," mwalimu alimwambia wakati wa kuagana. "Nimetembea sana. Sijakutana na mtu anayechekesha na uso mkavu hivi."

Wewe umeshaelewa. Siku ile hapakuwa na ukungu. Wala siku iliyotangulia. Ukungu ulikuwa machoni mwa Mama Kipenga, umejijenga kidogo kidogo. Jua likiwa kali, ule weupe ulitanda mbele yake na kufunika kila kitu kilicho mbali. Akiwa ndani, kwenye kivuli, ulipungua, akaona vya kutosha kupika na kufagia. Mtu wa mahali pengine angesema macho yangu yana kasoro. Lakini mtu aliyeishi na ukungu tangu kuzaliwa, akiona weupe mbele yake, atasema nini? Atasema ukungu.

Basi sifa zikaenea. Mwalimu alimsimulia jirani, jirani akamsimulia nduguye, na wageni wakaanza kufika getini wakisema, "Tunamtaka yule mama wa kichekesho cha ukungu." Msimamizi wa waongozaji alifurahi, akampa watu wengi zaidi. Wenzake walidhani kabuni mbinu mpya, na kwa kuwa mbinu ilileta wageni, waliona haya kumuuliza, isije ikaonekana wanataka kumwibia. Yeye alijua tu kwamba ukungu umezidi na watu wanacheka sana. Mambo mawili hayo hakuyaweka pamoja.

Au labda hakutaka kuyaweka pamoja. Nikuambie kwa nini. Mama yake mzazi alianza kwa kulalamikia moshi. Jiko hili lina moshi, alisema, wakahamisha jiko. Moshi ukabaki. Wakabadilisha kuni, wakatoboa dirisha jipya jikoni, moshi ukabaki. Mwishowe mama wa watu alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni, akigeuza uso kila akisikia nyayo na kuuliza, "Nani anapita?" Watu wakasema ni uzee, wengine wakasema ni mambo ya ukoo, na wote wakazoea. Alikaa kwenye kigoda kile mpaka alipokufa. Kwa hiyo Mama Kipenga, kila alipokosea kutia uzi kwenye sindano, alimwachia mumewe ile sindano na kwenda kufanya kazi nyingine haraka haraka. Hakumuuliza mtu yeyote, hata mara moja, swali dogo ambalo lingemaliza mambo: wewe unauona ukungu huu?

Aliyemuuliza ni wifi yake.

Wifi huyu ni dada yake Fundi, na ndiye mwenye kile kibanda cha chai cha roshani. Msimu mzima alikuwa hayupo. Binti yake alijifungua mapacha, akaenda kumlea, na kibanda kikafungwa kwa kufuli. Aliporudi, kabla hata hajashusha birika, alishazisikia habari.

"Wifi!" alimpokea Mama Kipenga ngazini. "Nimekuacha mwongozaji, nimekuta msanii! Na sikupewa taarifa."

"Nani kakuambia? Mapacha hawajambo?"

"Mapacha wanalia kwa zamu, mmoja akichoka anampisha mwenzake. Pita, wape hao watu onyesho lako, nami nilione."

Mama Kipenga hakuelewa onyesho gani, lakini kwa wifi yake huwa haelewi mengi. Akawapanga wageni ukingoni, akaanza. Poleni, leo mlima umetufungia dirisha. Kule nyuma, kwenye kibanda, wifi alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye meza. Anga lilikuwa bluu tupu, bila wingu. Lile ziwa ungeweza kulihesabia mawimbi. Wageni walipotawanyika kupiga picha, akamvuta pembeni.

"Umenivunja mbavu. Ulijifunzia wapi?"

"Nini?"

"Si hicho kichekesho cha ukungu."

"Wifi, usinichokoze, nina watu. Ukungu wenyewe umenichosha tangu asubuhi."

Wifi aliendelea kutabasamu, akingoja ukope ule wa kukonyeza. Haukuja. Tabasamu likamfia mdomoni. Akaweka birika chini.

"Hebu tazama kule," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Kile kisiwa kidogo. Unakiona?"

"Nitakionaje na hali hii?"

"Na boti ile, yenye tanga jekundu?"

"Boti gani?"

"Hakuna ukungu, wifi yangu. Hakuna kabisa."

Nyuma ya Mama Kipenga wageni walikuwa wakielekezana kwa vidole: tazama pale, tazama na pale. Aliwasikia, na kwa mara ya kwanza alisikia walichokuwa wakisema. Unadhani alishukuru? Alikasirika. Alikasirika kama mtu aliyefunuliwa nguo hadharani.

"Umekaa huko kwa binti yako, umerudi na maneno! Kama chai haiuziki, usinitafutie ubaya mimi." Akapuliza kipenga kwa nguvu hata ndege wakaruka, akawakusanya watu wake na kuanza kushuka.

Alishuka kwa haraka iliyozidi, na mawazo hayakuwa miguuni. Chini ya ngazi kuna kona ambapo ukingo wa mbao unaishia na njia inakata kulia. Mvua za mwisho zilikuwa zimemega udongo wa kona ile, na waongozaji wote walijua kwamba sasa unakata kulia mapema kidogo. Hata yeye alijua. Lakini jua lilikuwa linampiga usoni, mbele ni weupe mtupu, na miguu yake ikafuata njia ya zamani.

Nyuma yake alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyelalamikia magoti yake safari nzima. Huyo ndiye aliyemdaka koti.

"Mama! Unakwenda wapi? Njia si hii hapa?"

Mguu mmoja wa Mama Kipenga ulikuwa hewani. Kijiwe kiliporomoka, wakakisikia kikigonga, na kugonga, na kugonga. Yule mama alimvuta akakaa naye chini kwenye majani, bado amelikamata koti kwa mikono miwili.

"Ama ndiyo sehemu ya kichekesho?" aliuliza, akihema.

Mama Kipenga alichokuwa anakifikiri si kuanguka kwake. Alifikiri ule mstari wa watu nyuma, kila mmoja akiweka mguu pale mwongozaji alipoweka wake, kama alivyowafundisha getini. Mwenzake mmoja alikuwa akipanda. Akamkabidhi wageni wake, akawaomba radhi mmoja mmoja, kisha akapanda ngazi zile tena akishika ukingo kwa mikono yote miwili, mpaka kwenye kibanda.

"Funga kibanda, wifi," alisema. "Nipeleke."

Wifi alifunga. Hakusema "nilikuambia". Anayewajua mawifi atakubali kwamba huo ni muujiza.

Nyumbani, Fundi alisikiliza habari nzima huku amekalia benchi lake la kazi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimekuona ukipapasa kikombe mezani."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na umekaa kimya?"

"Niliogopa. Nilihisi nikilitamka litakuwa kweli."

Mama Kipenga alitaka kumgombeza, akashindwa, kwa sababu na yeye alikuwa amefanya hivyo hivyo.

Hospitali ya macho iko mjini, kule bondeni. Ukumbi wa kusubiria una mabenchi marefu ya chuma, baridi, na watu waliokaa wametazama chini, kila mmoja na wa kumshika mkono. Wifi aliongea bila kupumzika. Aliongea habari za mapacha, habari za bei ya sukari, habari za mtu wa benchi la mbele aliyevaa soksi mbili tofauti. Mama Kipenga aliwaza kigoda cha mama yake. Aliwaza mahali kitakapowekwa, kama ni mlangoni au chini ya dirisha, na kama ataweza kuwajua watu kwa nyayo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye vidole vya joto. Akamketisha kwenye giza, akamwekea kidevu kwenye kifaa, akammulika jicho moja, kisha la pili, akatazama kwa muda mrefu mno.

"Daktari," Mama Kipenga alisema, kidevu kikiwa bado pale pale, "usinizungushe. Mimi ni mtu mzima. Nitakuwa kipofu?"

"Ngoja niwashe taa kwanza, tuongee tukiwa tunaonana," alisema daktari, kisha akacheka kidogo. "Angalau nikuone mimi. Mama, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

"Mtoto!" wifi akadakia kutoka kwenye kiti cha kona. "Kwa umri huu!"

"Wifi, nyamaza."

"Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo kidogo," daktari aliendelea. "Chako kimefifia, kama kioo cha dirisha la jikoni maji yakichemka. Jua likikipiga, mwanga unatawanyika, unaona weupe. Tunakitoa, tunaweka kingine kisafi."

"Mnatoa jicho?"

"Hatutoi jicho. Jicho linabaki lako."

"Halafu?"

"Halafu utaona. Nyuma ya hicho kioo nimetazama, kuko salama kabisa. Tunaanza na jicho moja, likitulia tunafanya la pili."

Wifi alisema "Alhamdu..." kisha akashindwa kumaliza, akaanza kupenga pua kwa shali. Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa sababu viti havikutosha, alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu alipoona kile kikombe kikipapaswa. Mama Kipenga peke yake hakufurahi. Alikaa na mikono mapajani.

"Mama yangu alisema ni moshi," alisema.

Daktari alivuta kiti chake karibu.

"Alikaa mlangoni miaka. Hatukumleta. Tulisema ni uzee. Naye, angeweza kuona?"

"Sikumpima, mama," daktari alijibu. "Nikikuambia ndiyo, nitakuwa nabahatisha, na nikikuambia hapana, vilevile. Inawezekana alikuwa na hiki hiki. Inawezekana alikuwa na kingine."

Hapo ndipo Mama Kipenga alipolia. Wifi alidhani ni hofu ya kisu, akamwambia asiogope. Fundi alijua si hofu, akaja akasimama nyuma ya kiti chake. Daktari hakumharakisha. Huzuni ile haikuwa na dawa pale chumbani, na hakuna aliyejifanya kwamba inayo. Alipomaliza alijifuta uso, akauliza upasuaji ni lini.

Upasuaji wenyewe sina cha kukusimulia, kwa sababu na yeye hakuwa nacho. Taa, sauti za watu wanaoongea taratibu, maji, basi. Akarudi wodini na jicho moja limefunikwa. Asubuhi yake nesi akaja kulifunua, na mawifi wawili wakakaa uso kwa uso kitandani.

Kitu cha kwanza Mama Kipenga alichokiona ni wifi yake.

"Haa! Wifi!" alisema. "Umezeeka lini?"

"Nesi, mrudishie bandeji," alisema wifi. "Bado hajapona."

Wakacheka mpaka nesi akawakemea, kwamba mgonjwa hatakiwi kujitikisa. Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka wifi huku akicheka, na Mama Kipenga aliyaona, kila chozi, lilipoanzia na lilipopita.

Nyumbani mambo yakawa mengine. Alipita chumba hadi chumba kama mtu aliyehamia. Aligundua kwamba shati la Fundi la kutokea lilikuwa na vifungo vya rangi tatu. Aligundua utando wa buibui juu ya kabati, mkubwa, wa ukoo mzima. Akaingia jikoni, akatoka na sufuria mkononi.

"Nani alikuwa anaosha sufuria hizi?"

Fundi aliutazama msasa wake kwa makini sana. "Nitakujibu ukiahidi kwamba hutakasirika."

"Nani?"

"Wewe."

Alikwenda kuzisugua zote, akicheka peke yake. Baada ya muda jicho la pili nalo likafanyiwa upasuaji, likatulia. Daktari alipomruhusu kutembea milimani, msimamizi aliweka sharti moja: safari ya kwanza aongozane na mwenzake. Hakuona vibaya. Yeye angeweka sharti hilo hilo.

Siku hiyo walipewa kikundi cha wanandoa vijana na mabibi wawili waliokuwa marafiki tangu shuleni. Mwenzake akatangulia, yeye akafunga msafara. Darajani alisimama katikati, akatazama chini, na kuliona korongo lote mpaka majini. Akaikamata kamba kwa mikono miwili, maana miezi mingi alikuwa amelivuka bila kuona urefu wake. Penye kona iliyomegwa, msimamizi alikuwa ameweka uzio mpya wa magogo. Aliushika, akaupapasa, akaupita. Akapanda zile ngazi akihema kama wageni, kwa sababu kupumzika kumemnenepesha.

Roshani ilikuwa wazi. Jua, upepo kidogo, hewa safi kama iliyooshwa. Wageni wakajipanga ukingoni wenyewe. Mmoja wa wale mabibi akageuka akitabasamu.

"Haya mama. Tumeambiwa getini kwamba wewe ndiye mwenyewe wa ukungu. Tunasubiri."

Mama Kipenga alisimama mahali pake pa siku zote. Mkono aliunyanyua nusu, ukabaki hapo, kisha ukashuka. Mwenzake alianza kuingiwa na wasiwasi, akamtazama wifi kule kibandani. Wifi akamwashiria kwa mwiko, mwache.

"Wifi," Mama Kipenga aliita bila kugeuka. "Ile barabara nyekundu, inayopita kando ya ziwa, ni ya lini?"

"Ya mwaka jana. Walifyeka msitu wakaipitisha."

"Na mimi mwaka mzima nawaambia watu kwamba msitu unafika mpaka majini!"

"Ndiyo maana walicheka sana."

Akacheka na yeye, kifupi, akapangusa macho kwa upande wa kiganja, kwa uangalifu, kama daktari alivyomfundisha. Wageni walikuwa bado wanangoja. Yule bibi akasogea karibu yake, akauliza kwa upole kama kuna tatizo.

"Hakuna tatizo, mama. Wifi yangu atawamiminia chai, hatuna haraka," alisema. "Leo naomba mnisaidie. Anzeni nyinyi kunieleza, mimi kwanza nitazame."

Wale mabibi wakatazamana, wakaona ni mzaha mpya, wakaukubali. Mmoja akanyoosha kidole.

"Haya. Pale mbele kuna ziwa."

"Naliona," alisema Mama Kipenga. "Endelea."